Mwenye Jina Amekuja Munje

Jina lenyewe sitaliandika. Si siri, ni uchache wake. Mtu mwenye jina la watu wengi akiandikwa hujificha ndani ya wenzake kama dagaa ndani ya kapu. Letu sisi, lile la tatu linalokaa mwisho kwenye kitambulisho, ukilitaja tu pale Munje utaletwa mpaka mlangoni, na mbwa wa jirani atakusindikiza. Basi nitakuwa nasema "jina", nawe utanielewa.

Ni jina la Kiingereza. Mimi ni Mdigo, nimezaliwa Munje, nikaolewa Kombani, nikaachwa hapohapo Kombani, na mahamri ninayokaanga kando ya barabara ni ya Kombani vilevile. Shule nilikwenda mpaka nikajua kusoma bei na kuandika jina langu, na hilo la mwisho lilimshinda hata mwalimu, akaniambia, "Hili, mwanangu, andika unavyoweza." Miaka yote hiyo nimelibeba jina kama mtu anayebeba mzigo wa abiria mwenzake, hajui ndani mna nini.

Lilianzia Diani. Binti yangu ni dobi katika hoteli moja huko. Baba yake alitoka kwenda Lamu kutafuta boriti kabla mtoto hajaanza kutambaa. Hizo boriti lazima ni ndefu sana, maana hajamaliza kuzipakia mpaka leo. Kwa hivyo binti nikamwandikisha upande wangu. Sasa hotelini wasichana wenye jina lake la kwanza walikuwa wengi, akiitwa mmoja wanageuka wote na pasi mikononi. Meneja akachoka, akaamuru kila mmoja avae kifuani jina lake la mwisho. Binti yangu akabandikwa jina la babu yangu, akazunguka nalo korido zote za hoteli hakuna aliyelijali.

Mpaka siku alipopeleka mashati yaliyopigwa pasi kwenye chumba cha mgeni mmoja, mzee wa Kiingereza, mrefu, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Mzee akafungua mlango, akayatazama mashati, akakitazama kibandiko, akapiga ukelele. Akarudi ndani mbio, akalivuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda, akaligeuza juu chini. Alikuwa akitafuta kile kibandiko cha jina alichofunga kwa ajili ya ndege. Alidhani ameibiwa jina. Akakikuta kiko palepale kwenye mkono wa sanduku. Akakileta mlangoni akakiweka kando ya kile cha binti yangu, vikawa viwili, herufi kwa herufi.

Binti yangu akaanza kulia, akijua kazi imekwisha. Mzee naye machozi yakamtoka, kwa mambo yake mwenyewe. Wakasimama hivyo wakilia kila mtu kilio chake, mashati katikati, mpaka akaitwa msichana wa mapokezi aje aamue.

Huyo msichana wa mapokezi ndiye aliyekuja kuwa mkalimani wetu, kwa hivyo mjue. Ni mtu wa bara, Mkristo, kaja pwani kwa kazi, mchangamfu, anavaa viatu vya kisigino hata kwenye mchanga. Kiswahili chake kina mbio kama maji ya mfereji, nusu nakisikia na nusu nakikisia. Alimleta mzee kwangu Kombani kesho yake alasiri, binti yangu nyuma yao amejikunyata.

"Shosh, sasa?" akaniamkia hivyo. Mimi nikamngoja. Binti yangu akamfinya. "Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Huyu mzee mbona ananitazama masikio?"

"Anasema masikio ya kwao yanasimama hivyo hivyo."

Nikavuta ukaya nikayafunika.

Mzee akakaa kwenye kibao changu, akakunjua ramani ya dunia kubwa kama kanga, imejaa vitone vyekundu, akaitandaza juu ya kabati la mahamri. Wateja nao wakasogea. Akaeleza, na msichana akatufasiria, kwamba yeye amestaafu, mkewe amefariki, mtoto hawakupata. Siku zake zote zilizobaki anazitumia kuwatafuta watu wa jina lake. Jina hilo hata kwao Uingereza ni adimu, mtu anaweza kuzaliwa na kuzeeka asikutane nalo. Watu wote wa jina lake duniani, alisema, wakikusanywa wataenea katika jengo moja. Nikamuuliza jengo kubwa kiasi gani. Akaukadiria kwa macho ule msikiti wetu mdogo wa ng'ambo ya barabara, akasema humo wataingia wote, na nafasi ya viatu itabaki.

"Jina lilitoka wapi?" nikauliza, maana ilikuwa mara ya kwanza kumpata mtu wa kumuuliza.

Akaonyesha kitone kimoja Uingereza, juu juu upande wa baridi. Hapo palikuwa na bonde, na ndani ya bonde kijito, na kando ya kijito kijiji kidogo. Siku hizi kijiji hakipo, wamebaki kondoo. Kwao zamani mtu akihama aliitwa kwa jina la alikotoka, na aliyetoka bonde lile akaitwa bonde lile. Jina likawa lake na la watoto wake.

"Na hilo bonde, maana yake nini?"

Mzee akasema kwa furaha. Msichana akaangalia viatu vyake.

"Shosh, hapa nitaruka kidogo."

"Usiruke. Nimelibeba tangu kuzaliwa."

"Ni mahali walipokuwa wakioshwa wanyama."

"Wanyama gani?"

"Wa nyumbani."

"Mbuzi?"

"Shosh, nguruwe. Ni dimbwi la kuogea nguruwe."

Astaghfirullahi. Mteja mmoja aliyekuwa anatafuna alisimamisha taya. Babu yangu, mtu aliyekuwa anatia udhu mara mbili kwa kuogopa ule wa kwanza haukushika! Na sisi wote nyuma yake, maharusi, mahujaji, mpaka binti yangu mwenye kibandiko kifuani, tunatembea na dimbwi hilo. Nikamwambia msichana amwulize kama kuna maana nyingine yoyote. Mzee akasema wako wataalamu wanaosema ni dimbwi la nguruwe mwitu. Nikasema basi tushike hilo, angalau hao hawana mwenyewe.

Akaendelea na vitone. Mmoja wa jina hili aliiba jibini, akatiwa merikebuni akapelekwa Australia. Huko jibini halikumzuia kuzaa, kwa hivyo vitone vya Australia ni vingi kuliko vya kwao. Wengine walikwenda Kanada wakapotelea kwenye theluji. Na mmoja, mpima ardhi, aliletwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, akapima mashamba ya miwa huku kusini, akarudi kwao akafa bila mke wala mtoto. Juu ya pwani yetu hapakuwa na kitone. Palikuwa na alama ndogo ya kuuliza, kwa kalamu ya risasi.

Nikacheka mpaka nikashika mwiko nisianguke. Maana huyo mpima ardhi mimi namjua. Bibi mzaa baba alinisimulia habari zake mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Sikiliza sasa. Mama yake babu yangu alizaa watoto wakafa, akazaa tena wakafa. Kwetu mwanamke wa namna hiyo akipata mimba nyingine, mtoto hapewi jina la ukoo. Kifo kimeshalizoea jina la ukoo, kikisikia likiitwa kinajua njia. Mtoto hupewa jina la takataka, au la mtu wa mbali asiyehusika, ili kifo kikija kiulize, "Huyu ni wa nani?" kiambiwe, "Si wetu," kipite. Basi mama huyo yuko ndani na mkunga, uchungu umeshika, na nje akatokea mzungu na vijiti vyake vya kupimia, amepotea, anaomba maji. Akapewa maji, akapewa na dafu. Mtoto akalia. Wakamuuliza mzungu, "Waitwaje?" Akataja. Wakaingia nalo ndani likiwa bado moto, wakambandika mtoto. Kifo kilikuja, lazima kilikuja, kikasikia jina hilo, kikaona hapa si pake. Babu akaishi mpaka akawa na mvi masikioni.

Msichana alipomaliza kufasiri, mzee alikuwa amesimama.

"Shosh, anauliza, huyo mpima ardhi alikaa pale muda gani?"

"Alikunywa maji."

"Maji tu?"

"Maji na dafu."

"Anauliza, hakuwahi kuja kabla ya siku hiyo? Miezi kama tisa hivi?"

Wateja wangu walifurahi siku hiyo, hamri likawa linaliwa bila chai. Msichana akaniinamia sikioni. "Shosh, mwambie tu ni ndugu. Ni mpweke sana, atafurahi, si utakuwa umefanya kitu poa?"

Lakini mimi nilikuwa nimeshafikiria jambo jingine kabisa. Nilikuwa nawaza habari za shangazi yangu.

Shangazi yangu ni binti wa mwisho wa babu, na ndiye pekee aliyebaki katika watoto wake. Anakaa Bodo. Amekuwa mkongwe sasa, mifupa na ulimi. Alipokuwa msichana alimpenda mkata mikoko wa Bodo, na babu alikuwa ameshamwahidi fundi cherehani rafiki yake. Wakagombana msimu mzima. Shangazi alikuwa na beberu, mwenye ndevu, na wewe ungemwona babu ungejua kwa nini akampa beberu yule jina la babu. Alikuwa akimwita hivyo kwa siri, mpaka siku babu alipotoka msikitini na wageni wake waheshimiwa, na huyo fundi cherehani kati yao, wakamsikia shangazi nyuma ya nyumba akipaza sauti: Wewe fulani! Toka kwenye muhogo! Ndevu unazo, haya huna!

Babu aliitika. Hilo ndilo lililomuua hasa, kwamba aliitika, "Naam?" Wageni wakacheka mpaka wakakaa chini.

Babu akamwambia, "Ondoka katika mji huu." Mji kwetu ni boma la ukoo, nyumba zake na makaburi yake. "Ondoka, na usiukanyage tena, niwe hai niwe maiti, mpaka mimi mwenyewe nikwambie karibu."

Beberu alichinjwa jioni ileile. Shangazi akaenda Bodo kwa mkata mikoko wake, akazaa, akapata wajukuu. Babu alikufa ghafla kabla hasira haijamtoka vizuri. Mama yangu alikuwa akisema kwamba siku za mwisho alikwisha kuanza kuuliza kanga za wanawake dukani zina rangi gani siku hizi. Mtu kama huyo yuko njiani kusamehe. Lakini alikufa njiani.

Basi neno likabaki. Misiba yote, harusi zote, shangazi huja na kuketi barazani kwa jirani, ng'ambo ya kijia, na sahani huvushwa. Mama yake alipozikwa aliliangalia jeneza kutoka huko, amekamata nguzo ya watu. Na sasa ametuma salamu kutoka Bodo kwa kila anayekuja: anataka kulala kando ya mama yake. Kingine hana haja nacho. Mgongo umeshakwisha, macho yanakwenda, anataka kuingia mji wa baba yake kwa miguu yake kabla ya kuletwa kwa jeneza, maana hata jeneza kuna waliosema halitapita.

Kinachofungua neno kama hilo kwetu kinajulikana. Mtu akifa, jina lake hurudi kwa mjukuu, na mjukuu huyo watoto wa marehemu humwita baba, hata akiwa ananyonya. Aliloliacha marehemu limefungwa, yeye anaweza kulifungua. Lakini jina la babu hakuna mjukuu aliyepewa. Kila mvulana alipozaliwa walijaribu, na maalim akakunja uso, na mama mtu akakunja uso, mtoto akaitwa jina la mtume. Jina la babu likabaki mkiani mwa vitambulisho vyetu, na mkia hausemi. Maalim mwenyewe alikwisha kutuambia kwamba hayo yote hayamo katika dini, maneno ya hasira ya maiti hayazuii mtu, mwacheni mama wa watu arudi. Ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, ndiye anayekaa na kuutunza mji wa Munje. Akamjibu, "Kweli kabisa, maalim. Lakini wewe nyumba yako iko Msambweni."

Sasa mbele yangu, kwenye kibao changu, amekaa mtu mzima mwenye jina la babu kumpita babu mwenyewe. Nikamwambia msichana, "Mwambie nina kazi naye Munje, amwambie shangazi yangu karibu kwa jina la babu. Asije na zawadi. Aje na sauti."

Ndugu yangu nilimpigia simu.

"Dada, huyo ni mzungu."

"Na jina la babu lilikuwa la nani, la Mgiriama?"

"Atamwitaje shangazi mwanangu, na shangazi alikuwa na wajukuu huyo anaota meno?"

"Mjukuu wa kunyonya huitwa baba, itakuwa huyu mwenye meno, tena ya kununua?"

Akapumua. Huyu ndugu yangu si mbaya. Ni mtu mwoga tu, na mwenye mali mwoga ni mzito zaidi. Ana pikipiki aliyonunuliwa na wanawe, hajawahi kuiendesha hata siku moja, huifuta tu kila asubuhi kwa kitambaa na kuisalimu. "Tangu babu afe," akasema, "mvua tumepata, watoto tumepata, paa halijaanguka. Mimi ndiye ninayelala chini ya hilo paa, dada, si wewe."

"Basi siku hiyo lala nje."

Akakubali kwa sharti kwamba kuwe na pilau, ili ikishindikana watu wawe wamekula.

Ijumaa baada ya sala tukakusanyika. Mzee wa Kiingereza alivaa koti na tai, jua lile, jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi. Wanaume wakamkalisha kwenye kiti cha babu, kile cha kamba, ambacho hakuna aliyekikalia miaka yote kwa heshima, na kwa sababu pia kamba zimelegea. Akazama nacho mpaka magoti yakawa usawa wa kidevu. Mke wa ndugu yangu, mwanamke wa utani, akapita na birika akamwinamia, "Mume wangu, umerudi umekuwa mwekundu, huko ulikokuwa ni moto kweli?" Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee akauliza amesema nini. Msichana akasema anakukaribisha chai.

Lakini macho yake yalikuwa kwenye nyuso. Akaiona pua ya ndugu yangu. Akatoa simu, akatuonyesha picha ya baba yake mdogo, na kweli, Mungu ana mzaha, pua ni moja. Ndugu yangu akaishika pua yake kama anayeogopa itadaiwa. Hapo mzee akaniuliza wazi, mbele ya wote: je, inawezekana? Yule mpima ardhi, na yule mama?

Msichana akanikonyeza. Sema ndiyo.

Ningesema ndiyo, ningekuwa nimemtukana mama wa babu yangu katika mji wake, na makaburi yanasikia. Nikamwambia, "Mwanangu, mwambie hivi. Mtu hawezi kuingia mji saa ya uchungu akiomba maji, akawa ndiye baba wa mtoto anayetoka saa hiyohiyo. Hata wazungu hawana mbio hizo. Damu hakuna. Tuliazima jina tu, tukamfichia mtoto."

Alielewa kabla hajafasiriwa, nilimwona. Akaikunja ile simu, kama naweza kusema simu inakunjwa. Kisha akasema, na msichana akafasiri akiangalia chini, kwamba anatushukuru, lakini kama si ndugu, basi hana haki ya kusema neno la baba wa mtu. Kwao huo ungekuwa uongo. Hawezi kumwambia mama wa watu karibu katika mji usio wake.

Ndugu yangu akanong'ona, "Pilau iletwe?"

Hapo tukasikia tuktuk. Imetoka Bodo nilikotuma habari, imejaa vumbi, ndani shangazi na mwanawe wa kiume na mto mmoja wa kulalia. Ikasimama kwenye kijia, gurudumu la mbele limegusa mpaka. Shangazi hakushuka. Akatoa kichwa.

"Baba yuko au hayuko? Mgongo unaniuma!"

Wote tukamgeukia mzee ndani ya kiti. Na yeye akauliza, yule ni nani, na mbona hashuki?

"Anakungoja wewe," msichana akamwambia. Kisha akaongeza mengi kwa Kiingereza, ya kwake mwenyewe, sijui ni yapi, lakini aliyasema kwa hasira kidogo na kisigino kikichimba mchanga. Baadaye nilimuuliza. Alisema alimwambia kwamba mama yake mwenyewe yuko bara, na hawajasemezana tangu aje pwani, na kwamba mtu akikuomba neno moja unalo, unamnyimaje eti kwa sababu si mjomba wake?

Mzee akataka kuinuka. Kiti hakikumruhusu. Wanaume wawili wakamchomoa. Akafunga kifungo cha koti, akaenda mpaka ukingo wa mji, akasimama mbele ya tuktuk. Akasafisha koo.

"Jambo," akasema.

"Hapana, hapana," ndugu yangu akadakia. "Babu hakuwahi kusema jambo. Hiyo ni ya hotelini. Haihesabiki."

"Nyamaza wewe!" shangazi akamkemea kutoka ndani ya tuktuk. "Mwache baba amalize!"

Msichana akamnong'oneza mzee maneno matatu. Akayarudia polepole kama anayevuka mto kwa mawe. "Karibu. Nyumbani. Mwanangu."

Shangazi akatoa mguu mmoja, akautua upande wetu wa mpaka. Akautazama. Akatoa wa pili. Kwa jirani nazi ikaanguka, pu! na watu wazima tukaruka, ndugu yangu akalikimbilia paa lake akaliangalia. Lilikuwepo.

Shangazi akamshika mzee mkono. Macho yake hayaoni vizuri, akamsogelea sana. Mkongwe yule, ambaye hana tena mtu wa kumwamkia juu ya ardhi hii, akapiga goti kidogo, lile la kulazimisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema mzee. Hiyo hakuna aliyemnong'oneza.

"Na yule beberu unisamehe."

Msichana akamfasiria habari za beberu, zote, na ndevu. Mzee akasikiliza kwa makini kama aliyeko mahakamani. Akasema amesamehe. Kisha akauliza, bila kucheka hata kidogo, kama beberu huyo alikuwa ameacha watoto waliotumia jina.

Tukala. Shangazi alikula barazani kwa mama yake, amemkalisha mzee kando yake, anamchambulia nyama, anamwambia baba kula, umekonda huko. Mzee akawa anakula na kufuta macho kwa ile tai. Alikuwa amekuja kutafuta ndugu, akaondoka na binti mwenye vitukuu. Humpigia shangazi simu mpaka leo. Hakuna anayemwelewa mwenzake, wanasema karibu na marahaba mpaka salio linakwisha.

Baada ya chai shangazi akataka kuonyeshwa kaburi la mama yake. Tukampeleka. Akapapasa jiwe, akaomba dua, akakaa hapo muda. Kisha akageukia upande wa kulia wa kaburi akainyoosha fimbo yake, ikagonga bati.

"Hiki nini?"

Ndugu yangu akakohoa. Miaka yote alijua hakuna atakayepahitaji hapo. "Ni banda, shangazi. Pikipiki yangu inalala hapo."

"Ihame. Hapo nalala mimi."

"Shangazi, si kuna nafasi upande wa kushoto?"

"Kushoto yuko baba. Tumepatana leo tu, nisije nikamlalia karibu tukaanza tena." Akaligonga bati mara nyingine. "Na pikipiki inaweza kulala popote. Mimi nikishalala hapa, sihami."

Banda likavunjwa siku ya pili yake, ardhi ikasawazishwa, mahali pakafagiwa pakawa tayari. Shangazi akahamia chumba cha mama yake kungojea. Hewa ya Munje imemkubali mno. Mgongo umepoa, anakula vizuri, anagombana na mke wa ndugu yangu juu ya chumvi, juzi amedai sufuria yake mwenyewe. Ndugu yangu huniambia kwa simu kwamba yeye anamwombea maisha marefu, wallahi, kwa moyo safi, nisimfikirie vibaya. Ila mvua ya masika imeipiga pikipiki mara mbili sasa, na imeanza kushika kutu kwenye mnyororo.